Kabla ya Ubwiriunga: Njeo Moja ya Kiingereza na Hesabu za Korosho

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka kusini, katika mashamba ya Newala, Masasi, Mtwara na Lindi. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani kama 17,000 tu. Katikati ya namba hizo mbili yalipita mambo mengi. Watu walihamishiwa katika vijiji vipya, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, bei ya mkulima ilidhoofu, viwanda vikubwa vya kubangua vilijengwa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia mikoroshoni. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekulia Newala au Masasi huyajua mambo haya kwa kuyasikia nyumbani tangu utotoni. Kazi inakuwa ngumu anapotakiwa kuyaandika kwa Kiingereza na kujibu swali moja: je, ubwiriunga ndio uliosababisha anguko, au uliyakuta mavuno yamekwisha kuanguka?

Swali hilo ni la historia na la kilimo, lakini katika Kiingereza jibu lake hukaa ndani ya kitenzi. Mwanafunzi akiandika "Production fell when the disease was identified", ameutwika ugonjwa mzigo wote. Akiandika "Production had already fallen when the disease was identified", amesema kwamba ugonjwa ulikuta mambo yamekwisha kuharibika. Sentensi ya pili ndiyo iliyo karibu na kweli. Ubwiriunga ulitambuliwa rasmi nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufikia wakati huo mavuno yalikuwa yamekwisha kushuka chini ya nusu ya yale ya 1973/74. Baadaye ugonjwa uliumiza sana, hilo halina ubishi, lakini haukuwa wa kwanza kufika.

Njeo hiyo ndiyo wanafunzi huiita pasti pafekti, na vitabu vyetu vya sarufi vingeiita wakati uliopita hali timilifu. Mara nyingi hufundishwa kama pambo, kitu cha kumwonyesha msahihishaji kwamba mtahiniwa amesoma. Mimi naiona kuwa chombo cha kugawa sifa na lawama. Anayeeleza ukuaji wa zao, wa mji, wa shule au wa idadi ya watu anaeleza pia, atake asitake, nani alisababisha nini. Na hawezi kufanya hivyo kwa haki bila kusema kipi kilitangulia. Masasi na Newala pana mifano bora ya kuifundishia kuliko kitabu chochote cha mazoezi kinachomzungumzia abiria aliyefika stesheni akakuta treni limekwisha kuondoka, hasa mahali ambapo treni halipiti.

Mtoto wa huku haijii njeo hii akiwa mikono mitupu. Kiswahili kinayo, tena imejengwa karibu sawa na ya Kiingereza. Tunaposema "uzalishaji ulikuwa umeongezeka", kitenzi kisaidizi "kuwa" kinabeba wakati uliopita, na kiambishi "-me-" kinabeba ukamilifu. Kiingereza kinasema "production had increased": "had" inabeba wakati, na umbo la tatu la kitenzi linabeba ukamilifu. Tofauti ni kwamba sisi tunarudia kiambishi cha nafsi au ngeli katika vitenzi vyote viwili, nao hawarudii. Tukitaka kukazia kwamba jambo lilitangulia, tunaongeza "-kwisha" au "-sha-": ulikuwa umekwisha kuongezeka, ulikuwa umeshaongezeka; wao huongeza "already". Nyumbani nako, katika Kiyao na Kimakonde, ukamilifu wa tendo hujitokeza mwishoni mwa kitenzi, kwa "-ile" na maumbo yake. Kwa hiyo wazo lenyewe, la tendo lililokamilika kabla ya wakati unaozungumziwa, linamkuta mtoto akiwa nalo zamani. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwambia kwamba kile anachokisema kila siku kwa Kiswahili ndicho kinachoitwa kwa jina hilo la kutisha ubaoni.

Badala yake hupewa fomula. Huandikiwa "had" pamoja na umbo la tatu, kisha huimba grow, grew, grown. Rise, rose, risen. Fall, fell, fallen. Wimbo huo una faida yake, maana bila "risen" na "fallen" sentensi haisimami. Lakini fomula haimwambii lini aitumie, na mwanafunzi aliyeachwa na fomula peke yake hujitungia kanuni yake mwenyewe. Kanuni anayojitungia mara nyingi ni hii: "had" ni ya mambo ya zamani sana. Nitairudia baadaye, kwa sababu ndiyo inayoharibu insha nyingi.

Sehemu hizi zina historia ndefu na sarufi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar hadi Masasi, wakaanzisha makazi kati ya vilima vile vya mawe vilivyo magharibi ya uwanda wa juu wa Makonde. Steere huyo huyo alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870 na kijitabu cha Kiyao mwaka 1871, na mwaka huo wa safari kikatoka cha Kimakonde. Mwaka 1879 mwenzake Chauncy Maples akatoa cha Kimakua. Yaani katika muda usiozidi miaka kumi, Mwingereza aliyetaka kuzungumza na watu wa Masasi na Newala alikuwa amepata msaada wa maandishi kwa lugha tatu za huku pamoja na Kiswahili. Safari ya upande wa pili, ya kumtoa Mmakonde, Mmakua au Myao kwenye lugha yake na kumfikisha kwenye Kiingereza, haijawahi kuandaliwa kwa bidii ya namna hiyo. Mpaka leo vitabu vya Kiingereza vya shuleni huandikwa kana kwamba msomaji hana lugha nyingine kichwani.

Historia hiyo hiyo inatupa mfano mzuri wa namna mbili za kueleza ukuaji uliotangulia. Mwaka 1882 wapiganaji waliojulikana kama Magwangwara waliishambulia Masasi, na sehemu ya misheni ikahamia Newala. Siku ya shambulio kijiji kilikuwa kimedumu miaka sita hivi. Ukitaka kutaja muda ambao ukuaji ulikuwa ukiendelea, Kiingereza kinadai "the settlement had been growing for six years". Ukitaka kutaja kiasi au hatua iliyofikiwa, kinadai "had grown": kimekua kufikia nyumba kadhaa, kimekua kuwa kituo cha biashara. Kiswahili kinazitenga pia, "kilikuwa kikikua" na "kilikuwa kimekua", na anayesikia tofauti hiyo kwa Kiswahili hana haja ya kukariri jedwali. Muda huenda na "-ki-". Matokeo huenda na "-me-".

Penye utata wa kweli ni kwenye kitenzi chenyewe cha kukua. Sisi tunaposema "mkorosho umekua", tunaweza kumaanisha badiliko, kwamba ulikuwa mdogo na sasa ni mkubwa. Tunaweza pia kumaanisha hali tu, kwamba ni mti mzima. "Ulikuwa umekua" hubeba yote mawili. Kiingereza huyatenganisha, na mwanafunzi anayetaka kueleza hali huandika "the tree was grown", sentensi ambayo msomaji ataielewa kuwa mti ulipandwa na kutunzwa na mtu. Maana "grow" katika Kiingereza ni kukua na ni kulima pia. "Cashew was grown in Newala" ni korosho ililimwa Newala. "Cashew production had grown" ni uzalishaji ulikuwa umeongezeka. Katika wilaya ambayo karibu kila insha ya jiografia inagusa korosho, kosa hilo hujitokeza mara kwa mara na hubadilisha maana nzima. Ushauri wangu kwa mwalimu ni kuacha "grow" iwe ya miti, watoto na miji, na kwa takwimu kutumia "increase", "rise" na "fall", ambazo hazina mkulima ndani yake.

Takwimu zinahitaji pia kituo, yaani wakati ambao msimulizi anasimama na kutazama nyuma. Kwa Kiswahili tunasema "kufikia". Kufikia mwaka 1974 uzalishaji ulikuwa umepanda hadi tani 145,000. Kiingereza husema "by 1974", na ndipo "had risen" inapopata mahali pa kukanyaga. Bila kituo, "had" inaning'inia hewani. Hapa kuna mtego mwingine, kwa kuwa "by" hiyo hiyo hutumika kutaja tofauti ya kiasi. Chukua kufufuka kwa zao hili: kutoka zile tani 17,000 za 1986/87 hadi tani kama 121,000 za 2000/01. Kwa Kiingereza, kufikia 2001 uzalishaji "had risen to 121,000 tonnes", yaani hadi. Au "had risen by about 104,000 tonnes", yaani kwa. Kiswahili kinatofautisha "hadi" na "kwa" bila kusita, lakini mwanafunzi aliyekwisha kuandika "by 2001" mwanzoni mwa sentensi huogopa kuirudia "by" mwishoni, akachukua "to", na kwa herufi mbili akayapunguza mavuno ya mwaka huo kwa tani 17,000.

Miaka hiyo ya kufufuka inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu watu wengi wa kusini hupima maendeleo yao kuanzia Daraja la Mkapa, lililofunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003. Kwa msafiri wana haki. Anayekumbuka foleni za kivuko na masika yaliyofunga barabara hawezi kudharau daraja lile. Lakini kwa korosho, mpangilio wa miaka hauruhusu daraja lipewe sifa ya kulifufua zao. Kabla halijafunguliwa, mavuno yalikuwa yamekwisha kufikia mara saba ya yale ya 1986/87. Kilichotangulia ni wakulima kurudi kupalilia mashamba, salfa kupulizwa mikoroshoni dhidi ya ubwiriunga, utafiti wa kituo cha Naliendele karibu na Mtwara, na kulegezwa kwa biashara ya zao mwanzoni mwa miaka ya 1990. "When the bridge opened, production had already recovered." Anayeiandika sentensi hiyo vizuri anairudisha sifa kwa mkulima aliyebeba kinyunyizio mgongoni.

Na si ajabu kulisikia jina la Mkapa katika somo la Kiingereza. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, akapita Ndanda, na shahada yake ya Makerere ya mwaka 1962 ilikuwa ya Kiingereza. Kabla ya kuwa rais alikuwa amehariri magazeti. Kiingereza kizuri kilikwisha kutoka katika vilima hivi, na hakuna sababu ya kukiona kuwa cha watu wa mbali.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni ule wa viwanda. Serikali, kwa mikopo kutoka nje, ilijenga viwanda vya kubangua korosho, vikiwemo vya Masasi na Newala. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilikuwa kumi na viwili nchini, vyenye uwezo wa kubangua karibu tani 113,000 kwa mwaka. Mpango ulikuwa na akili: kwa nini korosho ghafi ziende India, na kazi ya kubangua iende nazo? Lakini vilipokamilika, korosho zilizokusudiwa kuvilisha zilikuwa zimekwisha kutoweka. Agizo la watu wote kuishi vijijini lilitolewa 1973 na utekelezaji wake ukaendelea kwa miaka kadhaa. Wakulima wengi walijikuta mbali na mikorosho yao, magugu yakaota, moto ukapita. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976. Mitambo ilifika ikiwa imechelewa, na mingi ikakaa kimya.

Jaribu sasa kuisimulia habari hiyo kwa Kiingereza kwa wakati uliopita wa kawaida peke yake: viwanda vilijengwa, uzalishaji ukaanguka. Msomaji wa mbali atadhani viwanda ndivyo vilivyoua zao, au kwamba vilijengwa vizuri halafu bahati mbaya ikafuata. Ukiandika kwamba uzalishaji ulikuwa umekwisha kuanguka vilipokamilika, swali linahamia mahali pake: nani alikuwa akitazama takwimu za mavuno wakati zege likiendelea kumwagwa? Hilo ndilo swali ambalo mwanafunzi wa Newala, ambaye huenda babu yake alihamishwa, ana haki ya kuliuliza katika karatasi ya mtihani, na kulipata likiwa limeandikwa sawasawa.

Majirani zao wa Nachingwea wana mfano mwingine wa namna hiyo. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, hutajwa kwa Kiingereza kwa "had hoped" na "had planned", na masikio ya Mwingereza husikia mara moja kwamba jambo halikutimia. Kiswahili nacho hufanya hivyo. Ukisema "walikuwa wamepanga", msikilizaji anangoja "lakini".

Sasa ile kanuni ya uongo ya mambo ya zamani. Mwanafunzi huandika "The Portuguese had introduced cashew in the sixteenth century", akaweka nukta, akaendelea na jambo jingine. Wareno kweli walileta mikorosho kutoka Brazili katika karne ya 16, lakini sentensi hiyo haina haja ya "had", kwa kuwa haina kituo cha kutazamia nyuma. Kiswahili kingemsaidia kama angekisikiliza: hakuna anayesema "Wareno walikuwa wameleta mikorosho" akaishia hapo. Tunasema walileta. Njeo hii haipimi umbali wa wakati; inapima mfuatano. Karne nne zilizopita zinaweza kuandikwa kwa wakati uliopita wa kawaida, na saa moja iliyopita inaweza kuhitaji "had": wakulima walipofika ghalani saa nne, mnada ulikuwa umekwisha.

Hapo ndipo "-ka-" yetu inapokuwa mwalimu mzuri. Tunasimulia: walihamishwa, wakaacha mashamba, magugu yakaota, mavuno yakapungua. Hakuna "walikuwa wame-" hata moja katika mnyororo huo, kwa sababu matukio yanatembea mbele kwa zamu. Kiingereza kikitembea mbele hutumia wakati uliopita wa kawaida tu: "were moved", "abandoned", "grew", "fell". "Had" huitwa msimulizi anaporuka kurudi nyuma ya mahali aliposimama. Palipo na "before" au "after", mpangilio umekwisha kuelezwa na "had" inaweza kuachwa bila hasara. Ukweli huu ungeandikwa juu ya ubao wa kila darasa la kidato cha pili, insha zingepungua nusu ya makosa yake: penye "-ka-", weka wakati uliopita wa kawaida; penye "-likuwa -me-", fikiria "had".

Wanaojiandaa kwenda kusoma nje hukutana na suala hili katika mtihani wa IELTS, ambako mtahiniwa wa tawi la kitaaluma huelezwa atumie kama dakika 20 kuandika angalau maneno 150 kuhusu grafu au jedwali. Wapo wanaoshauriwa kuchomeka "had" angalau mara moja ili waonekane wana uwezo mkubwa. Sikubaliani nao. Grafu inayosomwa kutoka kushoto kwenda kulia haiihitaji. Mstari unapanda, unashuka, unapanda tena, na wakati uliopita wa kawaida unautosha. "Had" inahitajika mtahiniwa anapoanza na kilele au mwisho kisha akarudi kueleza kilichotangulia. Kuichomeka bila kurudi nyuma ni kumwambia msahihishaji kwamba umekariri.

Kuna hoja kwamba haya yote ni ya ziada, kwa sababu Waingereza wenyewe, na Wamarekani zaidi, huiacha "had" katika mazungumzo pale "already" au "before" inapotosha. Ni kweli. Lakini mazungumzo yana sauti, ishara na nafasi ya kuuliza tena. Ripoti ya kilimo, jibu la historia na ombi la fedha kwa mfadhili havina. Uzito wa hoja upo kwingine: kwa nini mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili aeleze historia ya shamba la babu yake kwa Kiingereza? Tume ya Makweta ya 1982 ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari. Miaka miwili baadaye ripoti ya Criper na Dodd ilionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kubeba masomo. Kiingereza kilibaki. Ningependa historia na jiografia zitahiniwe kwa lugha ambayo mtoto anaimudu, na nadhani siku moja itakuwa hivyo. Wanaokalia madawati ya Masasi na Newala sasa hawawezi kuingoja siku hiyo. Mpangilio wa matukio wanaujua kikamilifu kwa Kiswahili, kisha wanaupoteza wakivuka.

Wasivuke peke yao. Mwalimu wa Kiingereza akikaa na mwalimu wa jiografia, wakachukua takwimu za vyama vikuu vya ushirika vya huku, MAMCU au TANECU, za misimu michache, watapata mazoezi ya muhula mzima. Za karibuni zinafaa sana. Msimu wa 2022/23 taifa lilivuna chini ya tani 200,000. 2023/24 zikapita 300,000. 2024/25 zikapita 500,000. Bei katika minada ya kwanza ya Oktoba 2024 ilifika zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, na wengi waliziunganisha namba hizo mbili: bei imepanda, mavuno yamepanda. Lakini minada ilipofunguliwa, maua yalikuwa yamekwisha kuchanua na korosho kuanza kukomaa. "When the auctions opened, the crop had already formed." Bei ya Oktoba haikuweza kuzaa korosho za msimu ule; miche iliyokuwa imepandwa miaka ya nyuma, pembejeo zilizokuwa zimegawiwa na hali ya hewa ya mwaka ule ndivyo vya kuchunguzwa. Kazi ya bei ile ni kumtuma mkulima akapande mingine, na mkorosho huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa. Atakayeandika habari za msimu wa 2028/29 ndiye atakayelazimika kuirudia bei hiyo na kuiweka mahali pake.